Taa ya Baiskeli: Jinsi Sini ya Kwanza ya Mumiani Ilivyopangwa

Wanafunzi watano wa filamu waliponiletea skripti yao ya mnyonya damu, ukurasa wa kwanza ulikuwa na ngome, popo, joho jeusi na meno. Meno yenyewe walikuwa wameshayanunua, ya plastiki, na mmoja wao alikuwa nayo mfukoni. Filamu nzima ilikuwa ya dakika 12. Dakika 2 za mwanzo ndizo zilizowashinda, nasi tukakaa wiki tatu tukizipanga kabla kamera haijatoka kwenye begi.

Niliwauliza nani kati yao aliwahi kuogopa ngome. Kimya. Nikauliza nani alikatazwa utotoni kutembea peke yake magharibi kwa sababu ya mumiani. Mikono mitatu ikapanda.

Neno hilo lina historia ndefu kuliko sinema. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson inaeleza mumiani kuwa ni dawa nyeusi kama gundi, inayosemekana kutoka Uajemi, kisha inaongeza kwamba watu wengi waliamini ni damu ya binadamu iliyogandishwa. Nairobi na Kampala za wakati wa ukoloni hofu hiyo iliitwa wazimamoto, na mwanahistoria Luise White aliikusanyia ushahidi katika kitabu chake cha mwaka 2000. Ukisoma masimulizi yale kwa jicho la mpiga picha, unaona kitu kimoja upesi: mnyonya damu wetu hana meno. Ana gari, ana ndoo, ana kazi ya mshahara. Mwongozaji Mussa Banzi alipotengeneza filamu za Nsyuka na Shumileta alikwishaonyesha kwamba filamu ya Kiswahili inaweza kutisha kwa viumbe vyake yenyewe. Joho likarudi kabatini.

Mmoja wa vijana wale bibi yake anaishi karibu na mashamba ya mkonge, mkoani Tanga. Tukaenda. Tulipokwisha kuamkia, mjukuu akamwuliza mumiani walikuja vipi siku hizo.

“Hatukuogopa gari linalokuja, mjukuu wangu,” bibi akasema. “Linalokuja unalisikia, unaingia mkongeni. Tuliogopa lililosimama.”

Sini nzima ilizaliwa hapo. Kijana anarudi nyumbani kwa baiskeli kwenye barabara ya shamba, jua limezama. Cheni inatoka. Anashuka kuirudisha. Nyuma yake injini iliyokuwa ikinguruma kwa mbali inazimika. Hatumwoni mtu. Tunachobaki nacho ni baiskeli chini na gurudumu linalozunguka.

Watengenezaji wengi wachanga wangeanza na orodha ya shoti: shoti ya mbali, ya kati, ya karibu. Mimi naamini filamu ya mnyonya damu hupangwa kwa mwanga kwanza, na kamera huwekwa baadaye pale mwanga uliporuhusu. Huyu ni kiumbe aliyefungwa na mwanga tangu Nosferatu ya F. W. Murnau, mwaka 1922, filamu iliyotupa wazo la jua kumwua. Ajabu ni kwamba usiku mwingi wa filamu ile ulipigwa mchana, kisha nakala zikatiwa rangi ya buluu ili mtazamaji ajue ni usiku. Na gari la farasi linalompeleka mgeni kwa Orlok, mnyonya damu wa filamu ile, lilipitishwa msituni kwa picha ya negativu, miti ikawa myeupe na mbingu nyeusi. Murnau hakuwa na hela za kujenga jehanamu, akaugeuza mwanga wa kawaida juu chini.

Kwa hiyo karatasi yetu ya kwanza ilikuwa na safu moja tu: mwanga unatoka wapi? Majibu yakawa matatu. Mbingu ya magharibi. Taa za gari. Taa ya baiskeli.

Mbingu ndiyo bosi mkali. Tanga iko karibu na ikweta, na jua huku halichelewi kuaga. Kuanzia linapozama, una kama dakika 20 ambazo mbingu bado ina rangi na mtu bado ana umbo. Ukiwa na waigizaji wasiozoea, dakika 20 ni shoti mbili, tatu ukibahatika. Tukagawa sini yenye shoti 9 mafungu mawili. Shoti 4 zilizohitaji mbingu, yaani kijana akipita kama kivuli, mistari ya mkonge, gari likiwa doa jeusi kwa mbali, kijana akigeuka, zilipigwa jioni mbili katika dirisha lile. Shoti 5 za karibu, cheni, vidole vyenye grisi, uso, gurudumu, taa, zilingoja giza kamili, kwa kuwa nyuma yake hapakutakiwa kuonekana chochote. Kamera ilipangiwa joto la mwanga la kelvini 3200, lile la taa za ndani, hivyo mbingu ikaingia buluu bila kuguswa kwenye uhariri, na taa ya baiskeli ikabaki na umanjano wake.

Taa za gari zilimaliza swali lililokuwa limewakalia vijana vibaya: tutamfichaje mumiani? Walitaka moshi, walitaka barakoa. Jibu lilikuwa kuliweka gari likiielekea kamera. Taa kubwa zikiwaka usoni mwa lenzi, kilicho nyuma yake hakionekani. Mlango unasikika, miguu miwili inapita mbele ya mwanga, basi. Karl Freund, mpiga picha wa Dracula ya 1931, alifanya kinyume chake: alielekeza vijitaa vyembamba kwenye macho ya Bela Lugosi ili macho tu yang’ae. Na katika filamu ile Lugosi haonyeshi meno marefu hata mara moja.

Mwelekeo hatukuujadili sana. Kijana huenda kutoka kushoto kwenda kulia katika kila shoti, na gari liko kushoto daima. Ukivuka mstari huo mara moja tu, mtazamaji atadhani gari linakuja kwa mbele, na hofu yote ya mgongoni imekwisha.

Sauti ilitupa pigo. Jioni ya kwanza, shoti ya pili ikiwa inakwenda vizuri ajabu, adhana ya magharibi ikaanza kutoka kijijini. Ni sauti nzuri mno, na mwongozaji alifurahi akidhani amepata zawadi. Lakini adhana ina mwanzo na mwisho, kila mtu kwenye pwani hii anajua neno gani linafuata lipi. Ukiunganisha shoti mbili zilizopigwa wakati wa adhana, mkato unasikika hata kama hauonekani, na kukatakata maneno yale ni utovu wa adabu. Tukakubaliana kwamba shoti za mbingu zitapigwa bila kutegemea sauti yake, na mazingira yatarekodiwa peke yake saa 2 usiku: dakika 3 za nyenje na upepo kwenye mkonge. Injini ya Land Rover tuliirekodi mchana, kinasa sauti kikiwa hatua 40 nyuma yake. Kwenye uhariri injini inazimika, sekunde 2 baadaye nyenje nao wananyamaza. Ukimya ule ulimtisha hata aliyeutengeneza.

Kuna jambo moja la mipango ambalo vitabu vya filamu haviliweki kwenye orodha, nami naliweka juu ya lenzi na betri. Mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu ulienea kusini mwa Malawi, watu wakauawa na makundi yenye hasira, na Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake katika wilaya mbili. Kuegesha gari usiku pembeni mwa mkonge, huku kijana akipiga kelele, ni kuchezea kitu ambacho bado kiko hai vifuani mwa watu. Kibali cha kupiga filamu kilikuwepo, lakini karatasi haisomeki gizani. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji siku mbili kabla, tukamweleza hadithi yote, naye akaleta vijana wawili wakae nasi kila jioni. Neno mumiani halikutamkwa barabarani.

Ikabaki shoti ya 9, gurudumu na taa. Wazo lilikuwa la binti aliyekuwa akishika mwanga: taa ya dinamo huwaka gurudumu likizunguka tu, hivyo gurudumu likifa, taa nayo ife. Kwenye karatasi ilikuwa safi kabisa. Kwenye majaribio, dinamo ilipoguswa na tairi ilikuwa breki, gurudumu likasimama kabla ya mtazamaji kuelewa anatazama nini. Tukaitenga dinamo na tairi kwa upana wa kidole ili gurudumu lizunguke huru, tukapitisha waya kwenye fremu hadi kwa betri 4 ndogo zilizofichwa nyasini. Binti akalala kifudifudi na rizista ya kuzungusha mkononi, akipunguza umeme huku macho yake yakifuata spoku. Rizista mbili nyembamba za redio ziliungua kabla hatujapata nene.

Mmoja alipendekeza taa ya LED, haili umeme. Nilikataa, na ningekataa tena. LED ikipunguzwa hufifia tu. Glopu ya waya hubadilika rangi: njano, chungwa, halafu nyekundu iliyoiva, kisha kiza. Wekundu huo ukatosha: ndoo ya damu ya bandia tuliyochemsha kwa sukari, rangi ya chakula na kakao ilirudi nyumbani imejaa.

Shoti ile ni ya sekunde 11. Mhariri aliikata ikawa 4, akasema watu watachoka. Tukaitazama mara tatu, bibi akiwa amekaa nasi mbele ya kompyuta. Glopu ilipofika kwenye wekundu, akavuta kanga begani. Mhariri akarudisha zile sekunde 7.