Kalamu ya Risasi katika Njia ya Unyanyembe

Horace Waller alipotoa shajara za mwisho za David Livingstone mwaka 1874, alimkabidhi msomaji kitabu cha wino mmoja. Kila neno lina weusi ule ule, liwe la mkono wenye nguvu au la mkono wa mgonjwa. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa, lakini imeificha kalamu.

Kalamu ya risasi, licha ya jina lake, haina risasi. Ina grafati iliyokandwa na udongo, ufundi aliouanzisha Mfaransa Conté mwaka 1795. Udongo ukizidi, kalamu huwa ngumu, nayo hutiwa alama ya H. Ukipungua, huwa laini na nyeusi, nayo ni B. 4H hutoa mstari mwembamba wa ramani, ila huikwaruza karatasi. 4B hufaa kivuli cha picha, ila hupakazika kwa kiganja. HB, ya katikati, ndiyo ya kuandikia.

Daftari za msafiri zilidai kazi zote hizo. Waller mwenyewe, katika utangulizi wake, anasimulia habari za mwendo zikianzia ncha moja ya daftari, vipimo vya mwezi na majina ya mito vikianzia ncha ya pili, na katikati hesabu na msamiati. Huko Manyema daftari, wino na penseli vilimwishia Livingstone. Akaandika juu ya magazeti makuukuu kwa utomvu wa mti. Agosti 1872 aliondoka Kwihara, jirani na Tabora, akashika njia ya kusini, upande ilipo Sikonge ya leo. Alipofariki mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao walizirudisha karatasi zake pwani kwa kupitia Unyanyembe.

Utomvu ule ulififia hata ikabidi mwaka 2011 wataalamu waufufue kwa picha za mianga maalumu; ndipo ilipoonekana kwamba maandishi ya awali ya 1871 hayalingani kila mahali na yaliyochapwa. Grafati, kwa kuwa ni kaboni, haichujuki kwa jua. Adui wake ni msuguo, kifutio, na mrithi mwenye huruma anayepitisha wino juu ya herufi hafifu.

Onyo hilo linawahusu pia wahariri wa tungo za pwani. Mswada wa penseli usikolezwe, unakiliwe kando. Na diwani ieleze wapi mkono ulikandamiza na wapi ulilegea. Huo nao ni usomaji wa shairi.