Mtembezi na Mzururaji

Nalipokuwa kidato cha pili nalitakiwa kuandika insha ya Kiingereza juu ya shule yetu. Nalitaka kusema kwamba kila jioni mwalimu mkuu hutembea polepole katika bustani yake akitazama maua. Neno "walk" nalikuwa nimekwisha kulitumia mara tatu, nami naliona haya kulirudia. Nikafungua kamusi, nikakuta "loiter", nikaliandika kwa fahari. Mwalimu wetu aliisoma sentensi hiyo mbele ya darasa zima. Wenzangu walicheka bila kujua sababu, nami nikacheka pamoja nao, mpaka alipotueleza kwamba nimemshitaki mwalimu mkuu kuwa mtu wa kukaa-kaa ovyo, kama wale wafukuzwao milangoni mwa maduka.

Kamusi haikunidanganya. Ilisema kwamba maana yake ni kwenda polepole na kusimama-simama, na ndivyo alivyofanya mwalimu mkuu. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba neno la namna hii laeleza miguu tu. Kiingereza kina maneno mengi ya kwenda pasipo haraka wala mahali maalumu: "wander", "roam", "rove", "stroll", "saunter", "stray", na mengine. Wanafunzi huyakariri kama maneno ya maana moja, wakayanyunyiza katika insha ili kumpendeza mtahini. Lakini ukiyachunguza utaona kwamba mengi hayapitani sana kwa mwendo. Hupitana kwa jinsi msemaji amwonavyo mwendaji. "Stroll" na "saunter" ni ya mtu aliyeshiba, ambaye chai yamngoja nyumbani. "Stray" ni la kondoo na mbwa, na mtu akisemwa hivyo ameiacha njia njema. "Roam" lina nyika pana ndani yake. "Loiter" lina ukuta na askari.

"Wander" ndilo gumu kuliko yote, maana lakubali pande zote mbili. Chukua mfano wa William Wordsworth. Shairi lake mashuhuri la maua ya manjano kando ya ziwa, lililochapwa mwaka 1807, lina neno hilo katika mstari wake wa kwanza, nalo humfanya msemaji awe mwepesi, asiye na mzigo wala miadi, tena peke yake. Walakini shajara ya dada yake, Dorothy, yatuonyesha jambo jingine. Tarehe 15 Aprili 1802, walipoyaona maua hayo, walikuwa pamoja, upepo ulikuwa mkali, nao walikuwa safarini kurudi kwao Grasmere. Basi hawakuwa wakitangatanga hata kidogo. Walikuwa wakienda nyumbani. Simlaumu mshairi kwa kumwondoa dada yake, ingawa nafikiri dada mwenyewe angekuwa na haki ya kununa. Nataka mwone tu jinsi neno moja lilivyomdai abadili habari: ili mtu afurahie kutokuwa na pa kwenda, hana budi kwanza kuwa na pa kurudi, kisha apasahau kwa muda.

Sasa linganisheni na shairi lake la zamani zaidi, "The Female Vagrant", la mwaka 1798. Huyo ni mwanamke ambaye mumewe alikwenda vitani Marekani, na huko akafiwa na mume na watoto, akarejea Uingereza hana kwao. Yeye naye huenda huku na huko chini ya mbingu ile ile. Mshairi amhurumia kwa moyo wa kweli, na bado katika anwani hakumpa lile neno jepesi; alimpa "vagrant", neno la mahakimu. Naona hapa huruma ya mshairi imeshindwa na desturi ya lugha yake.

Miaka 17 baada ya lile shairi la maua, yaani mwaka 1824, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwaadhibu wazururaji, na katika kuelezea kosa la maskini alalaye ghalani au nje, lilitumia neno "wander". Neno lililompa mmoja sifa likampa mwingine kifungo. Sheria za namna hiyo zilivuka bahari pamoja na watawala. Kenya ilikuwa na sheria yake ya uzururaji mpaka ilipofutwa mwaka 1997. Na tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huko Arusha, ilitoa rai kwamba sheria hizo zapingana na Mkataba wa Afrika. Tena ilisema kwamba maneno kama "rogue" na "vagabond" yatokana na mawazo yaliyopitwa na wakati, ya kikoloni hasa, nayo humvunjia mtu utu wake. Si kila siku mahakimu hufanya kazi ya mhakiki.

Tusijisifu. Kiswahili nacho kina mizani yake. Twasema mtembea bure si sawa na mkaa bure, tukamheshimu mtembezi; kisha twamwona kijana akipita lango kwa lango katika viwanda vya Nairobi, na neno hubadilika kwa kinywa kinachosema. Mama yake asema ahangaika. Bawabu asema azurura.

Mwaka jana naliwapa wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu kazi ya kutia ule mstari wa kwanza wa Wordsworth katika Kiswahili. Mmoja aliandika "nalitangatanga", na mshairi akawa yatima. Mwingine aliandika "nalizurura", tukamwona akikamatwa. "Nalitembea" ni salama, lakini laweza kuwa la mtu aendaye dukani. Msichana mmoja, aliyekaa nyuma na ambaye husema kwa nadra, alileta "nalijiendea". Mwalimu mwenzangu adai kwamba neno hilo lina ukaidi kidogo, kama wa mtu aliyeaga kwa hasira. Mimi nalimpa msichana alama zote.