Dodo, bata mzinga na kokwa 17

Bila shaka umeshaisikia hii. Dodo (yule ndege wa Mauritius, siyo embe) alipotoweka karne ya 17, mti wa tambalacoque nao ukaacha kuota, kwa sababu kokwa lake gumu lilihitaji kwanza kusuguliwa kwenye firigisi ya ndege huyo. Hadithi tamu, na ilitoka kwenye jarida la Science mwaka 1977. Mwandishi wake, Stanley Temple, alisema imebaki miti 13 tu, yote ikiwa na zaidi ya miaka 300.

Sasa iangalie makala yenyewe. Dodo hakuwepo, kwa hiyo Temple aliwalisha bata mzinga kokwa 17 kwa nguvu. Saba zilipondeka, 10 zikatoka nzima, na kati ya hizo 3 zikaota. Basi, jaribio ndilo hilo. Ngoja kwanza: kokwa ambazo hazikupita kwa bata ziko wapi? Hazipo! Bila kundi la kulinganishia, hizo 3 hazituambii kitu. Pengine zingeota tu hata zingeachwa chini ya mti. Na tayari mwaka 1941 A. W. Hill, mtaalamu wa mimea, alikuwa ameeleza jinsi kokwa hilo linavyojifungua lenyewe linapoota. Witmer na Cheke waliipitia upya hoja ya Temple mwaka 1991 na haikusimama. Miti ni mingi kuliko 13, na si yote ya kale.

Temple hakuwa mzembe, tuelewane. Alikuwa kisiwani akihangaika kumwokoa kozi wa Mauritius, ambaye mwaka 1974 walijulikana 4 tu porini. Kinachoniudhi ni kile ambacho hadithi inakificha. Ukiamini kwamba mti unakufa kwa kumkosa dodo, utakunja mikono, maana dodo harudi. Huku nyuma nguruwe na kima walioletwa na meli wanaharibu matunda na mbegu, na mipera ya kigeni inasonga miche. Msitu wa asili ulio katika hali nzuri haufiki asilimia 2 ya kisiwa. Hapo dawa ni panga, uzio na watu wa kung'oa mipera mwaka hadi mwaka, kazi isiyo na utamu wa kusimulia.

Ajabu ni kwamba wazo lenyewe la mnyama kusaidia mbegu lina ukweli, ila kwingine. Kwenye kisiwa kidogo cha Île aux Aigrettes, kobe wakubwa wa asili walikwisha zamani, wakaletwa wa Aldabra mwaka 2000. Wanakula matunda ya Diospyros egrettarum, mti wa mbao nyeusi (usiuchanganye na mpingo wetu) uliokatwa sana kwa kuni. Safari hii watafiti walilinganisha mbegu zilizoliwa na zisizoliwa, na matokeo yakatoka mwaka 2011: zilizopita tumboni mwa kobe ziliota vizuri zaidi. Tena kobe wanazidondosha mbali na miti mama, ndani ya msitu uleule wanamoishi njiwa wa waridi.