Neno na Ukelele katika Albamu ya "Duma"

Desturi ya uhakiki wa fasihi simulizi ni kulipima kwanza neno liimbwalo, kisha sauti inayolichukua. Albamu iitwayo Duma, iliyotolewa Agosti 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, yaupindua utaratibu huo. Wasanii wake wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, ni Wakenya waliokulia katika muziki wa metali wa Nairobi. Katika nyimbo zake 9, gitaa zito limefungamanishwa na midundo ya kielektroniki yenye kasi ambayo mikono ya mpiga ngoma haiifikii. Juu ya hayo Khanja hupiga mayowe, hunguruma na kukoroma, hata maneno mengi yakamezwa.

Kazi ya namna hii hukabiliwa na hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba ni uigaji mtupu wa mambo ya ng'ambo. Ni kweli kuwa kikundi cha Godflesh cha Birmingham, Uingereza, kiliweka mashine mahali pa mpiga ngoma katika albamu ya Streetcleaner ya mwaka 1989. Lakini asili ya chombo si hukumu ya kazi. Taarabu nayo ilipokea fidla na ganuni, wala hapana aikanaye leo kuwa ni mali ya Waswahili.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba pasipo neno hapana fasihi. Hata hivyo, vigelegele havina neno, na kila aliyepo arusini hujua vinasema nini. Kamsa ya usiku vilevile haihitaji sarufi. Sauti hizo hupata maana kutokana na tukio: arusi, msiba au hatari. Hapa ndipo ilipo taabu ya Duma. Sahani huchezwa popote, mbali na tukio lolote, na ukelele uliotengwa na tukio hubaki ukitafuta mahali pa kushika.

Mahali hapo ni majina. Jina la albamu, ambalo pia ni la kikundi, limetolewa katika Kikuyu, ambamo nduma ni giza. Msikilizaji wa Kiswahili, kwa kuwa king'ong'o cha mwanzo kimeondolewa, husikia mnyama mwenye mbio kuliko wote. Maana zote mbili zaifaa kazi hii, ambayo ni giza liendalo mbio. Lakini nyingi za nyimbo zimepewa majina ya Kiingereza, kama "Angels and Abysses" na "Corners in Nihil", ambayo yangeweza kubandikwa juu ya sahani yoyote ya metali duniani. Hayaufungi ukelele kwa jamii yoyote.

"Pembe 666" ni kinyume chake. Tarakimu hiyo ni ya mnyama wa Ufunuo, sura ya 13, ambamo wanyama wenye pembe hutoka baharini na nchini. Kwa neno moja la Kiswahili, pembe ya Maandiko yakutana na pembe ya ng'ombe, pembe ya chumba, na pembe ipulizwayo kuwaita watu. Maana zinazotosha beti kadhaa zimepatikana bila ubeti kuimbwa.

Kwa hiyo Duma inastahili kusomwa katika idara za lugha, si kwa kuhurumiwa kama kioja, bali kwa sababu yalazimisha swali ambalo nadharia ya fasihi simulizi imelikwepa: ni kiasi gani cha maana hubebwa na koo kabla ya neno kuzaliwa? Upungufu wake nao usifichwe. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Lakini mpiga mbiu, watu wakishakusanyika, huweka pembe chini na kulisema jambo lenyewe. Albamu hii imeipuliza pembe kwa nguvu zisizo na shaka. Waliokusanyika wangali wanadai neno, na wana haki ya kulidai kwa lugha yao.