Unene na Wembamba wa Herufi

Jijini Kampala, shika barabara ya Port Bell kutoka Bugolobi, upite Kitintale hadi Luzira, na njiani usome kuta. Duka la dawa, saluni, fundi cherehani: kila mmoja amejitangaza kwa maandishi, na mengi bado ni kazi ya brashi. Miongoni mwake imo herufi moja yenye maringo. Nguzo zake ni nene, viungo vyake vyembamba kama unywele. Saluni na washonaji wa magauni ya harusi huipenda, na haki yao.

Umbo hilo lilikomaa Ulaya mwishoni mwa karne ya 18. Huko Birmingham, John Baskerville alikwisha kuboresha wino na kutumia karatasi laini. Bila hivyo mstari mwembamba kiasi kile usingechapika vizuri. Akina Didot wa Paris na Giambattista Bodoni wa Parma wakauzidisha wembamba huo. Bodoni alifariki mwaka 1813, na mwaka 1818 mjane wake akatoa Manuale Tipografico, kitabu cha vielelezo vya herufi za mumewe. Ukoo huohuo wa herufi ndio unaobeba jina la jarida la Vogue hadi leo.

Uzuri wa herufi hii ni wa ukubwa. Ikiandikwa kubwa, inapendeza. Ikipunguzwa, sehemu nyembamba zinafifia na jicho linabaki na nguzo zisizoshikana. Vumbi la barabarani nalo huzifuta hizo nyembamba kwanza.

Ndipo ninapomvulia kofia fundi wa brashi. Mtazame akiandika N. Anapiga mistari miwili ya chaki, juu na chini, ili herufi zisipande wala kushuka. Akiivuta brashi bapa kwa upana wake, inaacha unene. Akiisimamisha kwa ukingo, inaacha uzi. Mwanagenzi hudhani wima zote ni nene. Sivyo: katika N, wima mbili ndizo nyembamba, na mstari wa mshazari ndio mnene. Ukizibadilisha, herufi inaonekana imegeuzwa, hata kwa asiyejua sababu. Rangi nayo ina kipimo: ikiwa nzito, uzi unakatika, ikiwa nyepesi, unachuruzika.

Tena brashi haikwami mahali kompyuta inapokwama. Kiganda kina herufi ŋ, na fonti nyingi za mapambo hazina. Mpiga chapa huandika ng' na kuendelea na kazi. Fundi huichora N yake ndogo, akaiongezea mkia, unene na wembamba vikiwa vilevile.

Kwa hiyo, mwenye duka, ukitaka madaha mpe fundi ukuta mpana, na herufi hiyo uitumie kwa jina la duka peke yake. Bei na namba ya simu ziandikwe kwa herufi nene za kawaida, maana mteja aliye juu ya bodaboda hana muda wa kukodoa macho.