Maji Kwanza, Mji Baadaye

Uvira hakuna jangwa. Ukisimama hapa mtaani Kimanga ukatazama mashariki, ni Ziwa Tanganyika; ukigeuka, milima ya Mitumba imekuinamia. Hata hivyo kuna kitabu kimoja cha jangwani ambacho mtaa huu unakielewa upesi, kwa sababu watoto wake wanajua uzito wa bidoni ya lita 20 kichwani, na wanajua pia kwamba mtu anaweza kukaa kando ya ziwa na maji ya kunywa yakawa shida.

Kitabu hicho ni Mashimo ya Mfalme Sulemani. Henry Rider Haggard, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Natal akiwa kijana, alikitoa mwaka 1885. Inasimuliwa kwamba alikiandika kwa majuma machache tu, baada ya kuwekeana dau na ndugu yake kwamba hawezi kutunga kitu hata nusu ya uzuri wa Kisiwa chenye Hazina cha Stevenson. Frederick Johnson alikitia katika Kiswahili mwaka 1929, na mwaka huohuo kile cha Stevenson nacho kikatoka kwa Kiswahili, kwa hiyo wapinzani hao wawili waliingia kwetu wakiwa wameshikana mikono.

Wakosoaji huiita kazi ya namna hii riwaya pendwa, na wengine hulitamka jina hilo kama wanaotema kokwa. Mimi naiheshimu. Ni ufundi mgumu, na ugumu wake hauko pale watu wanapodhani, yaani kwenye mapango, almasi na wachawi. Hayo yeyote anaweza kuyabuni akiwa amelala. Ugumu uko kwenye maji.

Tazama Haggard anavyofanya kazi. Msafara unamtafuta George, ndugu yake Sir Henry Curtis, aliyepotelea ng'ambo ya jangwa. Kabla hawajaondoka, mwandishi anatuhesabia mizigo: bunduki zipi, vibuyu vya maji, nyama kavu, nani anabeba nini, nani anawasindikiza na maji ya ziada kisha anarudi. Msomaji asiye na subira huruka kurasa hizo. Asiyeruka ameshakuwa karani wa msafara bila kujijua, na kila mtu akinywa naye anatoa katika hesabu yake. Wanatembea usiku, mchana wanajichimbia shimo wajifiche jua, shimo linawashinda. Maji yanakwisha. Hapo Ventvögel, mmoja wa watumishi, anaona nyayo za swala mchangani. Swala hawendi mbali na maji, anasema. Kisha anainua pua na kunusa. Kila mtu anatafuta bondeni, na maji yako juu ya kilima.

Alama ya nyayo inatajwa kwa sentensi mbili tatu tu. Fundi asiyejiamini angeleta mvua, au malaika. Haggard analeta mtu anayejua kusoma ardhi, na siku chache baadaye, katika baridi ya mlimani, anamuua mtu huyohuyo. Aliyewapatia maji anakufa kwa baridi, pangoni, karibu na maiti ya Mreno aliyechora ramani kwa damu yake karne tatu kabla. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilimkasirikia mwandishi. Sasa nadhani ndipo alipotushika: tangu hapo hakuna mhusika tunayemwona yuko salama.

Ndiyo maana barabara ya kale ya mawe inapotokea chini ya milima, na mwisho wake mji wa Loo, hatuulizi mbona mji mkubwa hivyo haukujulikana. Tumeulipia. Shaaban Robert aliijua siri hiyo alipoandika Adili na Nduguze mwaka 1952: kabla Adili hajauona mji ambao watu wake wamegeuka mawe, kwanza kuna chombo baharini na kiu.

Nina ugomvi na Haggard, na si mdogo. Mji wake umefichika kwa wageni tu. Wenyeji wanajua njia siku zote, ila hawaulizwi mpaka mzungu afike. Sisi wa ufuko huu kisa hicho tunacho. Mwezi Aprili 1858 wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani kwenda kuwa Nile. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi, hawezi kusema vizuri. Speke alikuwa mgonjwa wa macho, na sikio moja lilikuwa limeharibika baada ya mdudu kuingia. Wana wa mtawala wa Uvira wakawajibu: mto unaingia, hautoki. Safari yote ile, na jibu lilikuwa midomoni mwa watu waliokuwa wakivua samaki pale. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikuja kuutazama tena mto uleule. Ulikuwa bado unaingia.

Hakuna mtunzi wa riwaya angethubutu kumfikisha shujaa wake hapo ilhali ulimi haumtumikii, kisha ampe jibu la hapana. Angeogopa msomaji adai pesa zake. Haggard alithubutu kidogo. George hakuwahi kufika mjini. Wanamkuta wakiwa njiani kurudi, kwenye chemchemi jangwani, mguu umepondwa na jiwe, amekaa hapo karibu miaka miwili. Jambo lililoanzisha safari linatimia kwa bahati, katika kurasa chache, wakati msomaji ameshamsahau kabisa. Napenda sana ujasiri huo wa kuuweka uokoaji mahali ambapo hakuna anayepiga makofi.

Miaka miwili baadaye, katika riwaya yake Allan Quatermain, alijenga mji mwingine uliofichika, Milosis, wenye ngazi kubwa ya kupanda kutoka majini. Ni mzuri kuliko Loo. Lakini safari hii wasafiri wanafikishwa na mto wa chini ya ardhi, wamekaa ndani ya mtumbwi, maji yanawabeba. Kuna moto wa kutisha njiani, ndiyo, ila mimi msomaji sikuwa na kibuyu cha kuhesabu, na nilipanda ngazi ile kama mtalii.