Springi Ikae Wapi

Mwaka 1956 Ian Fleming, mtunzi wa hadithi za James Bond, alipata barua kutoka kwa msomaji wake wa Glasgow aitwaye Geoffrey Boothroyd. Hadithi zilimpendeza, ila silaha zilimkera. Iweje jasusi anayetegemewa na ufalme mzima atembee na Beretta ya .25, kijibastola ambacho kwa maoni ya Boothroyd kilifaa kukaa kwenye pochi ya mwanamke? Akampendekezea rivolva, Smith & Wesson Centennial Airweight, pamoja na ala ya Berns-Martin. Fleming akamsikiliza nusu. Katika Dr. No, kitabu cha 1958, Bond ananyang'anywa Beretta yake na kukabidhiwa Walther PPK, tena ndani ya ala ile ile ya Berns-Martin. Kumbe ala hiyo ilibuniwa kwa ajili ya rivolva. Huishika silaha kwa kubana silinda yake, na PPK haina silinda. Wajuzi wanalicheka kosa hilo hadi leo.

Fleming aliichukulia bastola ndogo kuwa ni bastola ya kawaida iliyopunguzwa, unaweza kuitoa hapa ukaiweka pale. Mafundi wanaozitengeneza hawana anasa hiyo. Mimi sina bastola, wala sina mpango wa kuwa nayo, lakini nimetumia saa nyingi kutazama michoro ya hivi vidude, na kila nikitazama namwonea huruma mbunifu. Ukiifupisha bastola umegusa kila kitu kwa mpigo mmoja. Kile chuma cha juu kinachoteleza kwenda nyuma baada ya risasi kutoka, ambacho mafundi hukiita slaidi, kinakuwa chepesi, basi kinarudi kwa kasi zaidi. Ili kukituliza unahitaji springi ngumu. Springi ikiwa ngumu, mwenye mkono dhaifu hawezi kuivuta slaidi. Safari ya slaidi nayo imefupika, kwa hiyo risasi inayofuata ina muda mdogo wa kupanda kutoka kwenye magazini. Halafu kuna vilengeo. Vikiwa vimeachana milimita 100, kosa la milimita moja mkononi linakuwa kosa la sentimita 7 kwenye shabaha iliyo mita 7 mbele. Katika bastola kubwa ya polisi, ambayo vilengeo vyake huachana milimita 165 hivi, kosa hilo hilo ni sentimita 4 na kidogo.

Aliyelivalia njuga tatizo hili kabla ya wengi alikuwa John Moses Browning, mzaliwa wa Ogden, Utah, mwaka 1855. Baba yake, Jonathan, alikuwa fundi bunduki, na mtoto alikulia kwenye karakana, katikati ya vyuma chakavu. Bunduki yake ya kwanza kupata hataza, mwaka 1879, ilikuwa ya risasi moja. Winchester waliinunua mwaka 1883 kwa dola 8,000. Browning hakuwa mtu wa michoro. Alifikiri kwa kukata vipande na kuvijaribu, na mdogo wake Ed alikuwa hodari wa kuchonga kwa mashine alichokuwa akikiwaza kaka yake. Mwaka 1897 alifunga mkataba na FN, kiwanda cha Herstal karibu na Liège, Ubelgiji, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1889 ili kulitengenezea jeshi la nchi hiyo bunduki za Mauser. Tangu hapo bastola za mfukoni zikawa zinawazwa Utah na kufyatuliwa Herstal, na nyingine kwenye kiwanda cha Colt huko Hartford.

Ukizipanga bastola zake ndogo kwa mfuatano wa miaka, utaona swali moja likimsumbua: springi ikae wapi? Kwenye FN ya 1900 aliiweka juu ya mtutu, na kwa ujanja akaipa kazi mbili, kurudisha slaidi na kuisukuma pini inayogonga risasi. Springi moja badala ya mbili ni nafasi iliyookolewa. Lakini mtutu ulishuka chini na bastola ikawa na sura ya mabomba mawili yaliyobebana. Miaka mitatu baadaye, kwenye Colt ya 1903, springi ikahamia chini ya mtutu. Sura ikatulia. Nyundo ikafichwa ndani ya slaidi kabisa, ndiyo maana bastola ile iliuzwa kwa jina la "isiyo na nyundo" ingawa nyundo inayo. Wauzaji ni wauzaji. Ilikuwa bapa na laini pande zote, haina kona ya kunasa kwenye kitambaa cha koti, na miongo kadhaa baadaye jeshi la Marekani lilikuwa bado linawapa majenerali wake.

Kisha ikaja FN ya 1910, na hapo jibu likapatikana: springi ikauzunguka mtutu wenyewe. Nafasi iliyokuwa tupu kati ya mtutu na slaidi ikapewa kazi. Chini ya mtutu hapakuhitajika tena tundu la springi, slaidi ikawa nyembamba na karibu ya mviringo. Vilengeo vikalazwa ndani ya mfereji mwembamba juu ya slaidi. Walther walipotoa PP mwaka 1929 na PPK muda mfupi baadaye, springi ilikuwa hapo hapo, imeukumbatia mtutu. Wao waliongeza jambo la maana: mtu aliweza kuibeba ikiwa na risasi tayari ndani ya mtutu huku nyundo imelala, na mvuto mrefu wa kifyatulio ndio ulioinyanyua nyundo na kuiachia.

Lakini kama ningelazimishwa kuchagua moja ya kuiweka mezani na kuitazama tu, ningechagua FN ya 1906, ile ya mfuko wa kizibao. Urefu milimita 114, uzito gramu 370 hivi, risasi 6 kwenye magazini. Kwanza ilibidi risasi yenyewe ibuniwe. Risasi ndogo zilizozoeleka wakati ule zilikuwa .22, ambazo ganda lake lina ukingo mpana kitakoni, na kingo hizo hupenda kunasana ndani ya magazini. Browning akaja na 6.35, ambayo Wamarekani huiita .25, yenye ganda ambalo ukingo wake haujitokezi sana, na kinachogongwa ni katikati ya kitako badala ya pembeni. Nguvu yake ni haba, hilo hakuna anayelibishia. Ila uhaba huo ndio ulioruhusu slaidi ishikiliwe na uzito wake na springi peke yake, bila kufuli ya aina yoyote, na hivyo vipande vikapungua. Matoleo ya baadaye yalikuwa na vizuizi vitatu vya usalama: kimoja nyuma ya mpini kinachoachia pale tu kiganja kinapokibana, kimoja cha kidole gumba, na kingine kinachozuia bastola isifyatuke magazini ikiwa imetolewa. Vitatu, ndani ya kitu ambacho kiganja cha mtu mzima kinakifunika karibu chote.

Udogo ni sifa ambayo na mwovu anaipenda. Usiku wa Aprili 14, 1865, John Wilkes Booth aliingia Ford's Theatre akiwa na bastola ya risasi moja, urefu wa sentimita 15 hivi, kazi ya fundi Henry Deringer wa Philadelphia, akampiga Rais Lincoln kisogoni. Juni 28, 1914, mjini Sarajevo, Gavrilo Princip alikuwa na FN ya 1910, ile ile ninayoisifia springi yake. Iko katika jumba la makumbusho ya kijeshi huko Vienna. Browning alifariki Novemba 26, 1926, akiwa kazini kwenye kiwanda cha Herstal, miaka 12 baada ya risasi za Sarajevo. Ni vigumu kuamini kwamba hakuwahi kuziwaza.

Rivolva ilikwenda njia yake. Unene wake unatoka kwenye silinda, na silinda haina pa kufichwa. Colt walifupisha mtutu wakatoa Detective Special mwaka 1927, yenye risasi 6. Smith & Wesson mwaka 1950 wakafanya kitu rahisi mno: wakatoa risasi moja. Silinda ya matundu matano ni nyembamba kuliko ya sita, na Chiefs Special ikawa inakaa mahali ambapo Colt ilitokeza. Mwaka 1952, kampuni ilipotimiza miaka 100, ikaja Centennial yenye nyundo iliyofungiwa ndani, ndiyo hiyo Boothroyd aliyomtajia Fleming. Inatoka mfukoni bila kunasa uzi. Gharama yake iko kidoleni. Kifyatulio cha rivolva za aina hii huhitaji mvuto wa karibu kilo 5, na zile za fremu ya alumini zina uzito wa gramu 400 na ushei. Unavuta kwa nguvu inayozidi uzito wa silaha mara kumi na zaidi, na kila mtetemo wa kidole unaifikia ncha ya mtutu. Wafyatuaji wazoefu husema ndiyo bastola rahisi kuibeba na ngumu kuitumia, na wauzaji humpa mtu anayeanza. Hilo silielewi.

Soko la leo, ambalo liko Marekani hasa, limeumbwa na sheria kuliko na mafundi. Florida ilipopitisha sheria ya vibali vya kubeba silaha iliyofichwa mwaka 1987, majimbo mengi yakafuata, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliondoa sharti la New York la mwombaji kuthibitisha hitaji maalumu la kubeba silaha. Sheria ya mwaka 1994 nayo ilipiga marufuku magazini mpya za zaidi ya risasi 10. Ilidumu hadi 2004. Mnunuzi akajiuliza: kama risasi ni 10 tu, bastola kubwa ya nini? Ndipo bastola ndogo ya Glock 26 ikapata wateja.

Hapo risasi iliyotakiwa ilikuwa 9 mm, na 9 mm haishikiliki kwa uzito wa slaidi peke yake ndani ya bastola nyepesi. Inahitaji kufuli. Kufuli iliyoenea ni ya Browning tena: mtutu na slaidi hurudi nyuma pamoja kwa kipande kifupi, kisha kitako cha mtutu kinashuka na kuiachia slaidi iendelee. Mtutu ukiwa mfupi, mwinamo huo unakuwa mkali, na tundu la mbele ya slaidi linaukaba. Detonics wa Seattle, walioifupisha bastola ya .45 katika miaka ya 1970, walilitatua kwa kuunenepesha mtutu mwishoni kama koni, ili ujiweke katikati wenyewe slaidi inapofunga, na springi wakaziingiza moja ndani ya nyingine. Glock 26 nayo ina springi mbili, nyembamba ndani ya nene. Swali la mwaka 1900 lilikuwa bado mezani.

Anayechagua kwa makini huanzia kwingine, kwenye ala. Ala nzuri ya ngozi huloweshwa, ikabanwa juu ya kiolezo cha bastola ile ile iliyokusudiwa, ikaachwa ikauke na umbo lake. Hufunika kifyatulio chote, kwa sababu ncha ya shati ikiingia pale, mwenye kuibeba ndiye atakayeumia. Mdomo wake huzungushiwa ukanda wa ngozi ngumu ili usifumbe bastola ikitoka, maana kuirudisha kwa mkono mmoja kwenye mdomo uliofumba ni kutafuta balaa. Ikiwa na ala ya namna hiyo na mkanda mgumu, bastola ya wastani hupotea chini ya shati. Wengi waliokimbilia bastola ndogo kabisa walikuwa na tatizo la mkanda.

Kuna pia wasioweza kuvuta slaidi ngumu, wazee na wenye baridi yabisi vidoleni. Kwao Beretta wamekuwa na dawa ya siku nyingi katika baadhi ya bastola zao ndogo: unasukuma wenzo mdogo, mtutu unainuka kitakoni, unatia risasi kwa mkono, unaushusha. Slaidi huigusi. Hilo nalo ni wazo la mtu aliyemfikiria mtumiaji badala ya tangazo.

Januari 2018 SIG Sauer walitoa P365. Kwa nje haikuwa na jipya, urefu milimita 147, unene milimita 27. Jipya lilikuwa kwenye magazini. Bastola nyembamba za wakati ule, kama Glock 43 ya 2015, zilipanga risasi safu moja na kubeba 6. Za safu mbili zilibeba nyingi lakini mpini ukanenepa. P365 ikapanga safu mbili zilizobanwa, kisha zikaingiliana kuelekea juu kama abiria wa daladala wanaosogea mlangoni kushuka mmoja mmoja, na risasi 10 zikaingia ndani ya kimo kile kile. Ukuta wa bati, pembe ya mbonyeo, nguvu ya springi inayosukuma kutoka chini: kazi yote imefanyika mahali ambapo mnunuzi hatazami.

Wapinzani hawakukawia kuiga. Wanunuzi nao walipoizoea wakaanza kulalamika kwamba kidole cha mwisho hakina pa kushika, na mwaka 2019 SIG wakatoa P365XL, yenye mpini mrefu zaidi, mtutu mrefu zaidi na risasi 12.